Muziki wa Klasiki na Sikio la Mtoto Mchanga

Imani kwamba muziki wa Mozart humwongezea mtoto akili imeenea sana, ilhali jaribio lililoizaa halikuhusisha mtoto hata mmoja. Mwaka 1993, Frances Rauscher na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10 (sonata ni utungo wa ala, usio na maneno, wenye sehemu kadhaa), kisha wakawapa mafumbo ya kukunja na kukata karatasi. Alama zilipanda kidogo, lakini nafuu hiyo ikatoweka baada ya kama robo saa. Hilo halikumzuia gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, kuomba dola 105,000 mwaka 1998 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa klasiki. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa kilichowasaidia wanafunzi wale ni kuchangamka tu, jambo ambalo muziki mwingine wowote mchangamfu, au hata hadithi nzuri, huweza kulileta.

Zipo, hata hivyo, sababu zenye uzito zaidi za kumzoesha mtoto muziki huo nyumbani, nazo zimo katika sikio lenyewe. Watafiti Erin Hannon na Sandra Trehub walibaini kuwa mtoto wa miezi sita hutambua kosa lililopenyezwa katika midundo ya nchi za Balkani, ambayo mapigo yake hayagawanyiki kwa vipimo vilivyo sawa, kama anavyolitambua katika midundo aliyoizoea. Afikapo mwaka mmoja, uwezo huo huwa umefifia, kwa kuwa ubongo umekwisha kujifunga na muziki wa mazingira yake. Watoto wa umri huo waliosikilizishwa midundo ile nyumbani kwa wiki mbili waliurejesha uwezo wao, wakati watu wazima waliopewa mazoezi yale yale hawakuwafikia. Kwa hiyo muziki wa klasiki hauna haja ya kushindana na taarabu, kwaya au ngoma za nyumbani, maana sikio changa lina nafasi ya yote, na kadiri linavyokutana na midundo mingi mapema ndivyo linavyobaki wazi.

La ajabu zaidi ni kwamba mtoto husikia kwa mwili. Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, huko Kanada, waliwarusharusha watoto wa miezi saba mikononi huku mdundo usio na mkazo ukichezwa, wengine katika kila pigo la pili, wengine katika kila pigo la tatu. Baadaye kila mtoto alipendelea kusikiliza mdundo uliolingana na jinsi alivyorushwa, ingawa wote walikuwa wamesikia sauti ile ile. Waliomtazama mtu mwingine akiruka, bila wao kurushwa, hawakuonyesha upendeleo huo. Hapa ndipo rekodi inayoachwa ikilia chumbani kutwa nzima inaposhindwa, kwani haina mikono ya kumpakata mtoto.

Kwa mtoto aliyeanza kuelewa hadithi, utungo unaofaa kuliko mwingine ni Petro na Mbwa Mwitu, ambao Sergei Prokofiev aliutunga mwaka 1936 kwa ajili ya jumba la michezo ya watoto mjini Moscow. Kila mhusika ana ala yake: ndege ni filimbi, paka ni klarineti, mbwa mwitu ni baragumu tatu, na bata ni obo, ala ya mwanzi ambayo ni jamaa ya nzumari ya pwani ya Afrika Mashariki. Huchukua karibu nusu saa, na hakuna ubaya kuukatiza mtoto akichoka.

Mzazi asingoje umri wa kwenda shule. Utungo mfupi kama Bata Maji wa mtunzi Saint-Saëns, wa dakika tatu hivi, ukisikilizwa mtoto akiwa mapajani na simu ikiwa kando, unatosha kwa siku.