Kuzuia Kuvuja kwa Elektroliti katika Vitambuzi vya Gesi

Kitambuzi cha kaboni monoksaidi kinachofanya kazi kwa mmenyuko wa kemikali na umeme, kikiwa katika hewa safi, hutoa mkondo unaokaribia sifuri. Kitambuzi hicho hicho kikiwa kimekwisha kuvuja na kukauka, aghalabu nacho husoma sifuri. Aliye ndani ya mgodi hawezi kuzitofautisha sifuri hizo mbili kwa macho. Gesi ya majaribio yenye kiwango kinachojulikana ndiyo huzibainisha.

Elektroliti inayotumika kwa kawaida ni asidi salfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Mmenyuko wenyewe haupunguzi maji, kwani molekuli inayotumika katika elektrodi moja hurejeshwa katika elektrodi ya pili. Kinachobadilisha ujazo ni hewa ya nje. Asidi hiyo hufyonza mvuke, na unyevuanga ukizidi asilimia 90 kwa majuma mengi, umajimaji huongezeka hadi ukaijaza nafasi iliyoachwa makusudi ndani ya ganda, kisha ukatafuta njia ya kutokea. Hewa ikiwa kavu mno hatari hujificha zaidi: asidi hukolea, nayo huanza kushambulia plastiki na sehemu zilizozibwa. (Neno “kuvuja” limebebeshwa mzigo mkubwa hapa. Tone linalochuruzika kandokando ya pini na umajimaji unaopenya vinyweleo vya utando ni matukio mawili, na kila moja lina tiba yake.)

Kinga ya kwanza ni utando wa PTFE, unaopitisha gesi na kuzuia umajimaji. Udhaifu wake hudhihirika shinikizo linapobadilika ghafla, kwa kuwa tofauti baina ya ndani na nje huusukuma umajimaji vinyweleoni. Ndiyo maana baadhi ya maganda huwa na tundu dogo la kusawazisha shinikizo, na fundi anayeliziba kwa gundi akidhani anazuia uvujaji huwa anausababisha. Pini nazo hazifai kulehemiwa, maana joto hulegeza mazibo yake; hutumiwa soketi.

Vitambuzi vya oksijeni vyenye anodi ya risasi vina tatizo la pekee. Risasi hugeuka kuwa oksidi, nayo huchukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe. Ganda lisilo na nafasi ya akiba hupasuka anodi inapokaribia kwisha, kwa hiyo kitambuzi hicho hubadilishwa kabla ya muda wake kutimia, hata kama bado kinasoma sawasawa.