KILICHO KARIBU NDICHO KILIWACHO

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jambo ambalo watu wengi hulitenda kila siku bila kulifikiri, nalo ni kula kati ya chakula na chakula. Mtoto atoka shule, ana njaa, na chakula cha jioni bado. Atakula nini? Mara nyingi hatakula kilicho bora, bali kilicho karibu na mkono wake. Wazee walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Vivyo hivyo kiazi kilicho shambani hakiondoi njaa ya saa hii.

Basi kwa nini biskuti na peremende zi karibu, na muhogo u mbali? Sababu si werevu wa mwenye duka peke yake. Biskuti ni kavu, imefungwa vizuri, yaweza kukaa miezi mingi bila kuharibika, wala haitaki moto. Muhogo ukisha kung'olewa huanza kuharibika kwa siku mbili tatu, nao wataka kumenywa, na maji, na kuni, na muda wa kungoja. Mwenye duka huweka kisichooza, na mnunuzi hununua kisichomsumbua. Hivyo wepesi ndio unaotuchagulia chakula, nasi twadhani tumechagua wenyewe.

Wepesi huo una gharama yake, na mara nyingi hulipwa na meno. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikipata sukari huigeuza kuwa asidi, yaani ukali mfano wa ndimu, na asidi hiyo hula gamba la jino. Mate huiondoa, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi. Mtu alaye kitu kitamu pamoja na chakula chake huyapa mate nafasi. Lakini amung'unyaye peremende moja sasa na nyingine baadaye, kutwa nzima, huyanyima nafasi hiyo.

Jambo hili lilionekana wazi huko Uswidi, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, tangu mwaka 1945 hata 1955. Wagonjwa waliopewa sukari wakati wa chakula, meno yao yaliharibika kidogo tu. Waliopewa peremende za kunata kati ya chakula na chakula, meno yao yaliharibika sana. Majaribio yenyewe hatuwezi kuyasifu, maana wagonjwa wale walikuwa watu wenye ulemavu wa akili, wala hawakuombwa ridhaa. Lakini kwa kuwa wao walikwisha kuumia, haifai mafunzo yale yapotee.

Tena kuna vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 300 aghalabu ina sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko vidogo saba. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tupatazo kwa chakula. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi kuishia nusu yake. Basi chupa moja tu yaipita nusu hiyo.

Tufanye nini? Maneno matupu ya kukataza hayashibishi. Dawa ni kuufanya wepesi utusaidie. Jioni mpikapo viazi vitamu, ongezeni vichache kwa ajili ya kesho. Karanga zikaangwe nyingi kwa mara moja na kuwekwa katika kopo lenye kifuniko. Karibu robo ya uzito wake ni protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Zilizoota ukungu zitupwe, maana huweza kuwa na sumu. Na watoto wadogo wasagiwe, wasije wakapaliwa. Ndizi na machungwa yawekwe mahali ambapo mtoto atayaona mara aingiapo. Peremende, kama zipo, ziliwe wakati wa chakula. Na mwenye uwanja apande mpapai karibu na mlango, maana huweza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi.

Njaa ya mtoto haina subira, nayo itachukua itakachokikuta. Ni juu yetu sisi wakubwa kuangalia mapema itakuta nini.