SMIG ya franka 21 500: bulanjeri ndogo italipa namna gani?

Tangu Januari 2026, hakuna mfanyakazi katika DRC anayepaswa kulipwa chini ya franka 21 500 kwa siku. Ndivyo inavyosema dekreti ya Mei 2025, iliyopandisha kwanza SMIG kutoka 7 075, kima cha tangu 2018, mpaka 14 500, kisha ikaongeza hatua hii ya pili. Kwa baba au mama wa nyumba anayeishi kwa mshahara huo, ni pumzi. Kwa patroni mdogo, ni hesabu inayonyima usingizi.

Tuchukue mfano wa bulanjeri moja ya Butembo yenye wafanyakazi wanne, ambayo ilikuwa ikilipa kima cha zamani. Kwa siku 26 za kazi, wanne hao walikuwa wakichukua franka 735 800 kwa mwezi. Leo ni 2 236 000. Mwajiri anaongeza asilimia 13 ya CNSS na asilimia 3 ya INPP. Jumla yapanda kutoka franka 853 528 mpaka 2 593 760: mara tatu.

Mbele ya pengo hilo, wengi wanakimbilia njia mbili. Ya kwanza ni kufukuza mtu. Lakini Kanuni ya kazi inadai sababu halali, pamoja na preavi ya siku 14 za kazi na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Kwa aliyetumika miaka mitano ni siku 49, yaani zaidi ya franka milioni moja kwa mtu mmoja.

Ya pili ni kuwafanya wote vibarua wa siku kwa siku. Hapo pia kuna mtego. Kibarua akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Siku ya mabishano mbele ya inspekta wa kazi, patroni ndiye atakayelipa.

Basi afanye nini? Aanze kwa kugawa mzigo kwa mikate. Ikiwa bulanjeri yetu inauza mikate 1 000 kwa siku, nyongeza yote ni karibu franka 67 kwa mkate. Wanne hao hao wakifikisha mikate 1 200, yashuka mpaka 56. Pengo lililoonekana kama mlima linakuwa kitu kinachoweza kupimwa: sehemu kwenye bei, sehemu kwenye mikate inayoungua au kurudi bila kuuzwa, sehemu kwenye saa za kazi.

Saa zina uzito wake. Sheria inaweka 45 kwa juma. Kila saa ya ziada, kwa zile sita za kwanza, inalipwa na nyongeza ya asilimia 30. Kundi linalokaa usiku mzima kungoja unga uliochelewa linamgharimu patroni bila kuoka hata mkate mmoja.

Tena kuna unga wenyewe. Mwishoni mwa 2025 franka ilipata nguvu mbele ya dola. Anayenunua gunia kwa dola na kuuza mkate kwa franka alipaswa kuona nafuu. Kama bei ya gunia kwa franka haikushuka, ni wakati wa kuzungumza na muuzaji, au kutafuta mwingine.

Linalobaki halihitaji pesa: kufungua daftari mbele ya wafanyakazi. Muokaji anayeona kwamba mikate 200 zaidi ndiyo inayobeba mshahara wake anajua sababu ya kutoiacha iungue. Asiyeonyeshwa kitu anaona jambo moja tu: serikali imempandishia, na patroni anamficha.