Kumwandaa Mlezi wa Walimu Katika Kata Zetu

Mwanachuo anayehitimu na kupangiwa shule ya Kibondo au Kasulu atakutana, katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, na mtu ambaye chuoni hatukumzungumzia vya kutosha. Mtu huyo ataingia darasani, ataketi kwenye dawati la mwisho, atatazama somo, kisha atataka wazungumze. Huenda akawa Afisa Elimu Kata. Huenda akawa mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, au mwalimu mzoefu wa darasa la jirani. Katika makala haya tutamwita mlezi wa walimu, kwa kuwa kazi yake ni kumlea mwenzake katika ufundi wa kufundisha. Madhumuni yetu ni kueleza jinsi mafunzo ya mlezi huyo yanavyofaa kupangwa. Jambo hili lamhusu mwanachuo kwa sababu yeye ndiye atakayelelewa. Tena haitapita miaka mingi kabla naye hajatakiwa kuwalea wengine, maana katika shule nyingi za vijijini mwalimu wa miaka mitano tayari huhesabiwa miongoni mwa wakongwe.

Kazi hii si ngeni nchini. Katika mpango wa MTUU, ulioendeshwa na Tanzania pamoja na UNICEF na UNESCO tangu 1969 hadi 1976, wakufunzi wasafiri walitoka vyuoni wakazungukia shule na kuwaonyesha walimu mbinu mpya. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Wahitimu wa darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa kusimamiwa katika shule na kata zao. Waliohitimu kwa njia hiyo walizidi 35,000. Mengi yamesemwa juu ya walimu wa UPE, na mengine ni kejeli isiyo haki. Sisi twaona kwamba fundisho kubwa la mpango ule halimhusu kijana aliyefundishwa, bali lamhusu yule aliyekabidhiwa kumsimamia. Mpango wa namna ile hutegemea dhana kwamba mtu aliye mwalimu mwema atajua pia kumsaidia mwalimu mwingine. Dhana hiyo ingali hai hadi leo, na ndiyo inayoharibu mipango mingi iliyo mizuri.

Tutoe mfano ulio karibu. Katika darasa la kwanza kwenye nyanda hizi, watoto wengi huja shuleni wakiwa na Kiha vinywani mwao, na Kiswahili ni lugha wanayoikuta. Mtoto huweza kuoneshwa neno kalamu akalitamka karamu. Mwalimu mgeni hudhani hajui kusoma, humsahihisha mara tatu, kisha humwacha. Mwalimu mzoefu hutambua kwamba mtoto amezitambua herufi zote na kwamba tatizo liko katika sauti. Atatumia jozi za maneno, atachora kalamu na sahani ya chakula, na jambo litakwisha. Lakini mwambie mzoefu huyo amsaidie yule mgeni. Aghalabu atamnyang’anya chaki na kufundisha mwenyewe, au atamwambia, “Uzingatie matamshi.” Katika hali ya kwanza mgeni ametazama tu, katika hali ya pili amepewa agizo asiloweza kulitimiza. Kumfundisha mtoto ni ufundi mmoja, na kumfundisha mtu mzima aliye kazini, mwenye haya na heshima yake, ni ufundi wa pili. Ufundi huo wa pili nao hujifunzwa kwa mazoezi.

Watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers waliandika mwaka 1980, baada ya kupitia tafiti za mafunzo ya walimu kazini, kwamba maelezo peke yake mara chache huvuka mlango wa darasa. Panahitajika kuonyeshwa, kujaribu, kupewa maoni na kusaidiwa darasani kwenyewe. Miaka mingi baadaye, kuanzia 2015, Afrika Kusini walilipima jambo hilo katika shule 230 za Jimbo la North West, wanakofundisha kusoma kwa Setswana. Baadhi ya walimu waliitwa kwenye semina. Wengine walipata mtaalamu aliyewafuata shuleni kila mara. Watoto wa kundi la pili ndio walioendelea zaidi katika kusoma, ingawa njia hiyo iligharimu fedha nyingi kuliko semina. Ajabu ni kwamba mipango mingi inayokubali haya kwa mwalimu huyasahau kwa mlezi wake. Mwalimu asijifunze kwa semina, wanasema. Halafu mlezi huyohuyo huandaliwa kwa semina ya siku tano katika ukumbi wa mjini, hupewa cheti na posho, hurudishwa katani.

Nchini mwetu mwongozo wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, uliotolewa mwaka 2020, umeweka msingi mwema: walimu wajifunze shuleni mwao katika Jumuiya za Kujifunza, na kata iwaunganishe. Mkoa wa Kigoma umefikiwa pia na EQUIP-T, iliyoanza 2014, na Shule Bora, iliyozinduliwa 2022. Maafisa Elimu Kata wamepewa pikipiki. Hata hivyo hapana budi tufanye hesabu kabla ya kumpa mtu mzigo. Tuseme kata moja, kama Kitahana au nyingine yoyote, ina shule 8 na walimu 40 wa madarasa ya chini. Afisa akiweza kutoka mara mbili kwa wiki na kuwaona walimu wawili kila anapotoka, katika wiki 36 za masomo atafanya ziara 144. Kila mwalimu atatembelewa mara tatu na ushei kwa mwaka. Na hapo hatujataja mitihani, ujenzi wa madarasa, mahudhurio na mikutano ya kata, wala masika, wakati njia za vilimani zinapoteleza na pikipiki husukumwa badala ya kupandwa. Kwa hiyo Afisa peke yake hawezi kuwa mlezi wa kila mwalimu. Mpango ufaao humwandaa mwalimu mmoja mlezi katika kila shule, na humfanya Afisa kuwa mlezi wa walezi hao 8. Wakenya, katika mpango wao wa Tusome ulioenea nchi nzima tangu 2015, waliwarudishia maafisa wao nauli kwa kadiri ya ziara walizofanya kwa hakika. Nasi twapendekeza jambo hilo liigwe, kwa kuwa nia njema haijazi mafuta.

Sasa mafunzo yenyewe. Yaanze kwa stadi moja tu kwa muhula mmoja, mathalani kusoma kwa sauti darasa la kwanza. Walezi wanane wakutane katika shule halisi siku ya masomo. Watazame pamoja kipindi kimoja, kila mmoja akiandika alichokiona na kukisikia, si alichokifikiri. Hapa ndipo penye ugumu kuliko wengi wanavyodhani. Mara ya kwanza madaftari hujaa maneno kama “amejitahidi” na “zana hazikutosha”. Mkufunzi ayarudishe na kuuliza: Watoto wangapi walisoma? Waliketi wapi? Mwalimu alingoja muda gani baada ya kuuliza swali? Mlezi ambaye hana la kuhesabu hana la kuzungumza ila sifa na lawama.

Kisha wafanye zoezi la mazungumzo, wawili wawili, mmoja akiwa mwalimu. Mlezi akisema, “Somo lilikuwa zuri, ila uongeze ushirikishwaji,” mwenzake atajibu “Asante,” na kesho yake mambo yatakuwa yaleyale. Afadhali aseme, “Mwalimu, watoto 6 walisoma kwa sauti, na wote waliketi safu mbili za mbele. Wale wa nyuma ulitaka wafanye nini wakati huo?” Halafu anyamaze. Kunyamaza huko hufunzwa kwa taabu. Tumeona wazoefu wakishindwa kustahimili hata nusu dakika. Mwalimu akipata la kujibu mwenyewe, wakubaliane jambo moja la kujaribu na siku ya kurudi. Umri nao uzingatiwe. Afisa kijana anayemlea mama aliyefundisha miaka 25 ataanza kwa shikamoo, na itafaa aombe kwanza kutazama somo la mama huyo ili ajifunze, kabla ya kutaka yeye atazamwe.

Baada ya zoezi, kila mlezi afanye mazungumzo ya kweli na mwalimu wa kweli, mkufunzi akiwa kimya pembeni, na baadaye mlezi apewe maoni kwa njia ileile aliyofunzwa. Wiki nne baadaye mkufunzi amfuate shuleni kwake. Bila ziara hii ya pili, siku za mwanzo zimepotea. Vyuo vya Ualimu vya Kasulu na Kabanga vinaweza kuibeba kazi hii, kwa sababu wakufunzi hutoka vyuoni kila mwaka kuwaona wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Safari moja inaweza kutimiza shughuli zote mbili. Kata za mbali zipangiwe kiangazi, za karibu na barabara kuu zingoje masika.

Limebaki suala la ukaguzi. Mthibiti Ubora wa Shule ana wajibu wake wa kupima, na hatuubezi. Lakini siku moja mtu asiwe mlezi asubuhi na mpimaji alasiri, kwani mwalimu ataficha hasa pale anapohitaji msaada: atafundisha somo alilokwisha kulirudia mara mbili, na wasiojua kusoma watatumwa kuchota maji. Ikiwa Afisa hana budi kufanya kazi zote mbili, amwambie mwalimu mapema amekuja kwa ipi, na atumie madaftari mawili. Lile la ulezi aliache mikononi mwa mwalimu mwenyewe, alitunze kabatini mwake, na ziara ijayo waanzie ukurasa walioishia.