Waliokufa Hawakutuzidi Dhambi

(Mazungumzo haya yalisikika redioni katika kipindi cha kila wiki. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, kila inapofika Agosti 7 wapo jamaa wanaonikumbusha kwamba mimi ni mtu wa bahati. Nami kila mwaka nashindwa kuwaitikia. Leo napenda nieleze sababu.

Ijumaa ya Agosti 7, 1998 nilikuwa nyumbani kwetu Munisagara. Kwa wasiopafahamu, hicho ni kituo kidogo cha reli ya kati, ukishapita Kilosa kuelekea Dodoma, katika bonde la mto Mkondoa. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu mama, na ilinipasa niwe nimerudi Dar es Salaam siku ya Alhamisi, kwa sababu asubuhi ya Ijumaa nilikuwa na miadi Oysterbay, jirani kabisa na ubalozi wa Marekani. Mama akashikwa na homa kali, nikaahirisha safari. Mchana ule nilikuwa uani napukuchua mahindi, jirani yetu mmoja, mzee Mwislamu aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kuswali Ijumaa, akaniita nikasikilize redio yake.

Habari ilikuwa hii. Asubuhi, yapata saa nne na nusu, mabomu mawili yaliyopakiwa kwenye magari yalilipuka kwa kupishana dakika chache tu. Moja lilikuwa kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, la pili kwenye ubalozi wa nchi hiyo hiyo Dar es Salaam. Hesabu ilipokamilika, Nairobi walikuwa wamekufa watu 213 na maelfu wameumia, wengine wamepofuka kwa vipande vya vioo. Dar es Salaam walikufa watu 11, na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Kundi la Al-Qaida lililopanga mashambulizi hayo lilikuwa linapigana na Marekani. Lakini kati ya wale 11 wa Dar es Salaam hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwamo walinzi wa lango na watu wengine waliokuwa kazini. Orodha yao ina majina ya Kiislamu na ya Kikristo.

Liko jambo moja la Oysterbay ambalo silisahau. Gari la kubeba maji lilikuwa pale langoni, likawa katikati ya lori la bomu na jengo la ubalozi. Lori halikuweza kusogea zaidi, na gari lile la maji likapokea sehemu ya kishindo. Bila gari hilo, huenda waliokufa wangekuwa wengi zaidi. Dereva wake alikufa. Yeye alikuja kuleta maji tu.

Jumapili yake tulipokwenda kanisani, waumini walinipongeza. Wakasema Mungu ameniokoa kwa sababu ana kazi na mimi. Nikafurahi, nisiseme uongo. Nikarudi nyumbani nikamweleza mama, ambaye bado alikuwa kitandani. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Na wale waliokufa, mwanangu, Mungu hakuwa na kazi nao?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilifungua Injili ya Luka, sura ya 13. Pale Yesu analetewa habari za Wagalilaya waliouawa kwa amri ya Pilato wakiwa katika kutoa sadaka. Yeye mwenyewe anaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa na dhambi kuliko wengine, na anajibu kwamba sivyo. Kisha anawaambia walio hai watubu. Angalieni, ndugu zangu: waliouawa na binadamu na waliouawa na ajali amewaweka pamoja, na hakuna kundi alilolihukumu. Anayeulizwa habari za maisha yake ni yule aliyebaki.

Sisi watu wa reli tulilipata somo hilo kwa mara nyingine. Juni 24, 2002 treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ikiwa imekwisha pita Kilosa na Munisagara, ilishindwa kupanda mlima mkoani Dodoma. Ikarudi nyuma kwa kasi ikaigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Hapo hapakuwa na gaidi. Waraka wa Yakobo unaufananisha uhai wetu na mvuke. Mtu aliyezoea kutazama ukungu wa asubuhi bondeni, jua likitoka umekwisha, hahitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Basi ugaidi una tofauti gani na ajali? Tofauti ni kwamba gaidi amekusudia, na hamjui anayemuua. Hana ugomvi na mlinzi wala na dereva wa gari la maji. Anamhesabu mtu kwa bendera, dini au kabila, kisha anamlipiza kosa la mwingine. Hiyo ndiyo sumu yake, na sumu hiyo inaweza kutuingia hata sisi tuliosikitika.

Jumapili ile ile jioni, yule mzee mwenye redio alikuja kumjulia hali mama. Akakaa bila kusema neno, kisha akatoa lililomsumbua: "Waliofanya haya wanataja jina la Mungu ninayemsujudia. Sasa ninyi mtatutazamaje?" Mama akamjibu, "Kaka, nilipougua mkeo ndiye aliyenipikia uji. Nikutazameje tena?"

Huenda mtu akaona hayo ni maneno madogo ya kijijini. Lakini katika wilaya yetu hiyo hiyo ya Kilosa, Desemba 2000, watu 38 waliuawa kule Rudewa Mbuyuni katika mapambano ya wakulima na wafugaji. Ugomvi ule ulikuwa wa ardhi na malisho, haukuwa wa dini wala wa mabomu. Hata hivyo mwanzo wake ni ule ule: jirani anaacha kuwa fulani bin fulani, anakuwa "wale."

Sisemi wahalifu waachiwe. Mwaka 2001 watu wanne walihukumiwa kifungo cha maisha huko New York kwa mashambulizi yale, mmoja wao Mtanzania. Mwaka 2002 Bunge letu lilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Mkristo anayesamehe moyoni hana haja ya kuizuia mahakama. Lakini mahakama ya haki humshika aliyetenda, haiishiki dini yake yote wala mtaa wake wote.

Ndiyo sababu siitikii ninapoitwa mtu wa bahati. Imani yangu hainihakikishii kwamba bomu likilipuka nitakuwa mbali, wala kwamba treni nitakayopanda itafika. Inaniambia tu kwamba siku niliyopewa nimepewa pamoja na jirani yangu, na kwamba aliyekufa hakuwa mbaya kuliko mimi. Kama unalo deni, lilipe. Kama umenuniana na mtu wa mtaani kwako kwa sababu ya anakoswali, mpigie hodi leo kabla jua halijazama.