Kupandisha Mbwa: Kipimo cha Damu Ndicho Kinachoonyesha Siku

Katika mitaa ya Eastlands, kutoka Buruburu, Umoja na Donholm hadi Komarock, Kayole na Dandora, mbwa hufugwa kwanza kwa ajili ya ulinzi. Wapo pia wakaazi wanaofuga majike wa German Shepherd au Rottweiler ili kuuza watoto wao. Mwenye dume hulipwa ada ya kupandisha, au huchagua mtoto mmoja wakizaliwa. Kumsafirisha mbwa kuvuka jiji nako kuna gharama yake. Jike asiposhika mimba, fedha hizo zimepotea, na mwenyewe hulazimika kungoja joto lingine, ambalo kwa kawaida huja baada ya miezi 6 au 7.

Hapo ndipo dume hulaumiwa, au jike huitwa tasa. Lakini sababu inayopatikana mara nyingi zaidi ni kwamba wawili hao walikutanishwa siku isiyofaa. Siku inayofaa inaweza kujulikana kwa kipimo cha damu.

Kwa nini kuhesabu siku hakutoshi

Joto la mbwa jike huanza kwa uke kuvimba na kutoa damu. Hatua hii huchukua takriban siku 9. Madume humfuata, lakini yeye huwakataa. Kisha damu hupungua na kuwa na rangi hafifu, na jike huanza kusimama na kusogeza mkia kando ili apandwe. Hatua hiyo ya pili nayo huchukua takriban siku 9.

Hizo ni wastani tu. Kila moja ya hatua hizo inaweza kuwa ya siku 3 au ikapita wiki mbili. Desturi ya wengi ni kuhesabu tangu damu ilipoonekana, kisha kumpeleka jike kwa dume siku ya 11 na ya 13. Kwa mbwa wengine hesabu hiyo hufaulu. Lakini kuna majike ambao mayai yao hutoka mapema katika wiki ya pili, na wengine baada ya siku ya 20. Hata jike yule yule anaweza kubadilika kutoka joto moja hadi jingine. Isitoshe, siku ya kwanza yenyewe hupotea kwa urahisi, kwa sababu baadhi ya mbwa hujilamba damu kabla ya mtu kuiona.

Kukubali dume nako si ushahidi kamili. Jike anaweza kusimama siku kadhaa kabla mayai hayajatoka, na akaendelea kusimama baada ya mayai kuharibika.

Kipimo hupima nini

Daktari wa mifugo huchukua damu kidogo kwenye mshipa wa mguu na kupima homoni iitwayo projesteroni. Katika mbwa, tofauti na wanyama wengi, homoni hii huanza kupanda kabla mayai hayajatoka. Ndiyo maana inaweza kutumiwa kutabiri siku yenyewe.

Kiwango hupimwa kwa nanogramu katika mililita moja ya damu. Kikiwa chini ya 1, wakati bado. Kikifika karibu na 2, mayai yanatarajiwa kutoka baada ya siku 2 hivi. Kikifika takriban 5, mayai yanatoka. Baadhi ya maabara hutumia kizio kingine, ambapo 1 huandikwa 3.18, kwa hiyo nambari isisomwe bila kutazama kizio kilichoandikwa kando yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba yai la mbwa hutoka likiwa bado changa. Huhitaji siku 2 au 3 zaidi ili lipevuke na kuweza kutungishwa, kisha hudumu kwa siku chache tu. Kwa hiyo siku nzuri ya kupandisha kwa njia ya kawaida ni ya 2 baada ya mayai kutoka, na kurudia siku ya 4. Mbegu za dume mwenye afya huweza kuishi ndani ya jike kwa siku 5 au zaidi, jambo linalowaokoa baadhi ya waliotangulia kidogo. Aliyetangulia kwa wiki nzima haokolewi.

Kipimo cha kwanza hufanywa kati ya siku ya 5 na ya 7 tangu damu ionekane, kisha hurudiwa kila baada ya siku 2 hadi 4 kulingana na kiwango kinavyopanda. Kipimo kimoja pekee hakitoshi, kwa kuwa kinachotafutwa ni mwendo wa kupanda. Ni vyema vipimo vyote vifanywe katika maabara ile ile, kwa sababu mashine hutofautiana. Daktari anaweza pia kuchukua seli za ukeni kwa pamba na kuzitazama kwa hadubini. Njia hiyo huonyesha kama joto limekomaa, lakini haionyeshi siku kamili ya mayai kutoka.

Mfano wa hesabu

Tuseme damu imeonekana tarehe 3 Aprili. Kipimo cha tarehe 9 kinatoa 0.4, cha tarehe 13 kinatoa 0.6; cha tarehe 17 kinatoa 1.0, cha tarehe 20 kinatoa 2.3, na cha tarehe 22 kinatoa 5.5. Mayai yametoka tarehe 22, ambayo ni siku ya 20 ya joto. Jike huyu apelekwe kwa dume tarehe 24 na tarehe 26.

Kwa desturi ya siku ya 11 na ya 13, angepelekwa tarehe 13 na 15 Aprili. Mayai yake yangepevuka zaidi ya wiki moja baadaye, wakati mbegu nyingi zimekwisha kufa. Vipimo vitano vina gharama, na mfugaji anashauriwa kuuliza bei mapema na kuilinganisha na ada ya dume, usafiri na nusu mwaka wa kungoja. Majike wengi huhitaji vipimo vichache kuliko huyu.

Tarehe ya kuzaa hujulikana pia

Mbwa huzaa takriban siku 63 baada ya mayai kutoka, ikipungua au kuzidi siku moja au mbili. Jike wa mfano huu anatarajiwa kuzaa karibu na tarehe 24 Juni. Ukihesabu kutoka siku ya kupandwa, tarehe inaweza kukosea kwa wiki nzima.

Tofauti hiyo huweza kuokoa maisha. Mwenye tarehe sahihi huweza kupanga mapema daktari atakayepatikana usiku na gari la kumbebea mbwa. Mbwa akipitisha siku 65 bila uchungu, akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, au akitoa majimaji ya kijani kibichi kabla ya mtoto wa kwanza, anahitaji daktari mara moja. Asiyejua tarehe hushindwa kutofautisha mimba iliyochelewa na mimba ambayo haijatimia.

Kipimo cha mimba cha binadamu kinachouzwa katika duka la dawa hakifanyi kazi kwa mbwa, kwa sababu hutafuta homoni ambayo mbwa hana. Projesteroni nayo haithibitishi mimba: hubaki juu kwa takriban miezi 2 hata kwa jike ambaye hakushika. Uthibitisho hupatikana kwa picha ya altrasaundi, karibu wiki 4 baada ya kupandwa.

Geti lifungwe hata baada ya kupandishwa

Jike aliyekwisha pandwa na dume aliyechaguliwa bado huwakubali wengine kwa siku kadhaa. Watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Katika mitaa ambako nyumba zimekaribiana na mbwa wa kuzurura hulala nje ya geti, jike afungiwe tangu siku ya kwanza ya damu hadi joto liishe kabisa, kwa kawaida wiki 3 hadi 4, na atolewe nje akiwa na kamba.

Ushauri huo unamhusu hata zaidi mkaazi asiyetaka watoto wa mbwa. Suluhisho la kudumu kwake ni upasuaji wa kufunga uzazi. Sindano za homoni za kuzuia joto huongeza hatari ya usaha katika kizazi, ugonjwa unaoweza kumuua mbwa.

Kabla ya kumtafuta dume

Jike asipandishwe katika joto lake la kwanza. Yeye na dume wachunguzwe na daktari kabla ya kukutana. Ugonjwa wa brusela na uvimbe wa sehemu za siri, ambao huonekana sana kwa mbwa wa kuzurura, huambukizwa kwa kupandana. Chanjo zitolewe kabla ya joto kuanza. Daktari anayehusika awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda maslahi yao, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Kenya nayo imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Kwa hiyo mfugaji anayepanga siku ya kupandisha apange pia watoto watakwenda kwa nani, na ahakikishe kila mmoja anachanjwa dhidi ya kichaa akifikisha miezi 3. Mtoto wa mbwa aliyekosa mnunuzi na kuachwa barabarani huwa mzigo wa mtaa mzima.