Kishindo Hakizuiwi, Hugeuzwa: Vifaa vya Mdomo wa Mtutu na Majina Yake

Msomaji wa riwaya za upelelezi, sawa na mtazamaji wa filamu za kigeni, amelizoea tukio hili: muuaji anachomeka kifaa mfano wa kopo kwenye mdomo wa bastola, anafyatua, na waliolala chumba cha pili hawageuki hata kitandani. Magazeti nayo huandika "bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti" pasi na kuuliza iwapo sauti hiyo imezuiwa kweli. Makala haya yananuia kueleza jinsi vifaa vinavyofungwa kwenye mdomo wa mtutu vinavyofanya kazi, na kuonyesha kwamba jina hilo linapotosha. Upotoshaji wenyewe una gharama, nayo hulipwa kwa masikio.

Kwanza ieleweke kishindo hutoka wapi. Baruti inapowaka ndani ya bunduki hugeuka gesi yenye joto kali na shinikizo kubwa, na gesi hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Maadamu risasi ingali mtutuni, gesi imezibwa kama soda chupani. Punde risasi inapochopoka, gesi hufumuka kwa mpigo mmoja na kuigonga hewa ya nje. Mgongano huo ndio kishindo. Gesi ambayo haikumaliza kuungua hukutana na oksijeni na kuwaka tena, na huo ndio mwako unaoonekana usiku.

Ipo sauti ya pili, isiyotoka mdomoni kamwe. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde, ilhali risasi ya bunduki ya kijeshi aghalabu huzidi mita 700. Risasi ya namna hiyo huipasua hewa na kukokota wimbi la mshtuko njia nzima inakopita. Anayepitiwa nayo karibu husikia mlio mkavu kama wa mjeledi. Na mjeledi wenyewe hulia kwa sababu iyo hiyo, ncha yake inapoishinda sauti kwa mbio. Hakuna kifaa cha mdomoni kinachoweza kuugusa mlio huo, kwa kuwa huendelea kuzaliwa baada ya risasi kukiacha kifaa nyuma.

Kinachobaki mikononi mwa fundi, basi, ni gesi tu, na kazi yake ni kuichagulia njia. Bunduki ya AKM, iliyoingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1959, ilipewa ncha iliyokatwa mshazari. Gesi inapofumuka huigonga ncha hiyo na kuukandamiza mtutu ambao vinginevyo ungeinuka kila risasi inapotoka. Wamarekani nao, walipoiunda M16A2, waliyaacha matundu ya juu na ya kando na kuyaziba ya chini, ili gesi isimtimulie vumbi askari aliyelala kifudifudi. Hili la vumbi huenda likaonekana dogo kwa aliyeketi maktabani.

Mabadiliko makubwa zaidi huletwa na breki ya mtutu. Hii ina matundu yanayoielekeza gesi kando, au kando na nyuma. Gesi inapozigonga kuta za matundu hayo huuvuta mtutu mbele, hivyo bunduki haimsukumi sana mpigaji. Mizinga mingi hufungwa breki za aina hii, na bila ya hizo ingehitaji vitako vizito zaidi. Hata hivyo, gesi iliyogeuziwa kando hubeba kishindo chake huko huko. Mpigaji hupata nafuu ya bega. Aliyesimama ubavuni pake hupigwa na wimbi ambalo lingekwenda mbele. Kwa wahudumu wa mzinga, ambao kazi yao huwalazimu kusimama ubavuni, hilo si jambo la bahati mbaya linalotokea mara moja. Ni hali ya kila siku ya mazoezi.

Kinyume cha breki ni mrija uliozibwa kando zote na kuachwa wazi mbele. Huu husukuma gesi kuelekea shabaha, mbali na mpigaji na walio kandoni mwake. Wenye kuutumia hushangaa jinsi bunduki "ilivyonyamaza". Haijanyamaza. Aliye mbele angeweza kuapa kwamba imezidi. Na ndani ya chumba, au mbele ya ukuta, faida hiyo hupungua mno, kwani mwangwi hukirudisha kishindo kwa mwenyewe.

Kifaa cha filamu ni cha jamii nyingine, na historia yake ina kinaya. Hiram Stevens Maxim aliunda bunduki ya rashasha mwaka 1884, silaha ambayo Frederick Lugard aliitumia Mengo, Uganda, mwaka 1892. Miaka mingi ya kuijaribu ilimharibia Maxim masikio akawa kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata hataza ya kifaa cha kutuliza mlio wa bunduki nchini Marekani mwaka 1909. Badala ya kuigeuza gesi, mwana aliichelewesha: aliipitisha katika vyumba vilivyopangwa kwa mfuatano, ipanuke, ipoe, itoke polepole. Wazo hilo hilo alilitumia pia kwenye mabomba ya kutolea moshi ya injini.

Alikiuza kifaa chake kwa jina lenye maana ya "kinyamazishi". Lilikuwa jina la dukani, na muuza bidhaa hana wajibu wa kupunguza sifa. Lakini jina la dukani likawa jina la kitu, likaingia kamusini, na Kiswahili kikalitafsiri kwa nia njema.

Tarakimu zinasema vingine. Bunduki ya kawaida ya kijeshi hufikia takriban desibeli 155 hadi 165 karibu na mpigaji. Kifaa kizuri hupunguza baina ya 20 na 35. Kwa kuwa kipimo cha desibeli hakipandi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha, kupungua kwa 30 ni kubakiwa na sehemu moja kwa elfu ya nguvu ya sauti. Msomaji angetarajia kimya. Kinachobaki, hata hivyo, mara nyingi hukaribia desibeli 140, kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini hukihesabu kuwa ukomo wa hatari kwa mlipuko mmoja. Seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani la binadamu zikifa hazioti tena. Miongoni mwa wanajeshi wastaafu wa Marekani, mvumo masikioni na upungufu wa kusikia ni miongoni mwa athari zinazofidiwa kwa wingi zaidi. Aliyeamini kwamba sauti "imezuiwa" akavua vizibo vya masikio ameponzwa na msamiati.

Lugha nyingine zimejihadhari zaidi. Wajerumani huita kifaa hicho kwa neno lenye maana ya kififisha sauti, na wawindaji wa Uingereza kwa neno lenye maana ya kituliza sauti. Hata Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, inapokihesabu kifaa hicho kuwa sehemu ya silaha, huzungumzia kupunguza mlio au mwako, wala haidai kuuondoa. Wanasheria kwa mara moja wamewashinda wanahabari kwa ufasaha.

Neno "kiwambo" lenyewe lina utata. Limetokana na kitenzi wamba, kukaza ngozi juu ya ngoma, na ngozi iliyowambwa kazi yake ni kutoa sauti. Maadamu limekwisha kuzoeleka, yamkini si busara kulifukuza; neno la kubadilishwa ni "kuzuia". "Kiwambo cha kupunguza kishindo" ni refu lakini la kweli, na kwa ufupi "kipunguza kishindo" latosha. Mrija wa kuelekeza gesi mbele ungeitwa "kigeuza kishindo", nayo "breki ya mtutu" ibaki ilivyo, kwa kuwa dereva na utingo wote wanajua breki ni nini.